Upasuaji wa Tumbo na Urafiki wa Siku Nyingi

Mwaka 1966 huko Iowa, Marekani, madaktari Edward Mason na Chikashi Ito walianza kutibu unene uliokithiri kwa kuupunguza mfuko wa tumbo na kuuunganisha upya na utumbo. Aliyepasuliwa hivyo hushiba kwa chakula kidogo mno. Hapo urafiki wa tangu utotoni, uliokuzwa kwenye meza moja, hutiwa majaribuni: mmoja huweka kijiko chini mapema, na mwenzake hujiona amehukumiwa. Utafiti wa Uswidi uliotolewa mwaka 2018 ulionyesha kwamba upasuaji huo huambatana na ongezeko la ndoa mpya na la talaka pia. Yafaa basi rafiki aelezwe mapema kwamba chakula kilichobakizwa si lawama kwake, na wawili hao watafute matembezi au kazi ya kufanya pamoja.