Je, Wajua? Bahari ya Mafia Ina Saa Yake

Ukienda kuzamia kisiwani Mafia, usimuulize nahodha mnaondoka saa ngapi. Muulize maji yanajaa saa ngapi. Kisiwa hiki cha Mkoa wa Pwani, kinachotazamana na mdomo wa mto Rufiji, ni kitulivu kuliko Unguja. Boti za wazamiaji ni chache, na mara nyingi kundi moja hushuka na kupanda bila kukutana na jingine. Utulivu huo unaficha mambo mengi yanayofaa kujulikana.

Je, wajua kwamba maji ya Ghuba ya Chole yana mlango mmoja maarufu?

Ghuba ya Chole, mbele ya kijiji cha Utende, imezungukwa na visiwa na miamba. Maji ya bahari kuu huingia na kutoka kwa nguvu kupitia mlango wa Kinasi. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3. Maji yanapojaa huingiza maji maangavu kutoka nje, na mzamiaji huona mbali. Yanapokupwa, mkondo huvuta kuelekea bahari kuu, na hapo si mahali pa mtu kujaribu bahati. Kwa kuwa maji huchelewa kwa takriban dakika 50 kila siku, ratiba ya jana haifai leo. Anayejifunza hungoja maji mafu, mkondo ukiwa umepungua.

Je, wajua kwamba mtungi wa mzamiaji si wa oksijeni?

Ndani yake mna hewa hii hii tunayoivuta, asilimia 78 naitrojeni na 21 oksijeni, ila imeshindiliwa. Kifaa kinachoitoa hewa hiyo kwa kadiri ya pumzi kilibuniwa Ufaransa mwaka 1943 na Jacques-Yves Cousteau na Émile Gagnan. Mtungi wa lita 12 uliojazwa hadi baa 200 hubeba lita 2,400 za hewa. Anayetumia lita 20 kwa dakika angekaa nao saa 2 akiwa juu ya maji. Lakini kila mita 10 za kushuka huongeza mgandamizo sawa na ule wa anga lote lililo juu yetu, na kila pumzi hula hewa zaidi. Kwenye mita 10 mtungi huo ungedumu dakika 60, mita 20 dakika 40, na mita 30 dakika 30 tu, bila kuweka akiba ya kupandia. Ndiyo maana mwenye pumzi za taratibu hukaa chini muda mrefu kuliko mwenye misuli.

Je, wajua kwamba ndege inaweza kumdhuru aliyetoka kuzamia?

Chini ya maji, naitrojeni huyeyuka na kuingia mwilini. Ukipanda kwa pupa, hutoka kwa mapovu kama soda iliyofunguliwa ghafla, na mapovu hayo huweza kuumiza viungo au hata kumpoozesha mtu. Dawa ni subira: kupanda taratibu, kisha kutulia dakika 3 kwenye mita 5. Wageni wengi wa Mafia hurudi Dar es Salaam kwa ndege ndogo, safari ya kama nusu saa. Aliyezamia mara kadhaa hushauriwa kungoja angalau saa 18 kabla ya kuipanda.

Je, wajua kwamba rangi nyekundu huzama kabla yako?

Maji humeza mwanga mwekundu kwanza. Baada ya mita chache tu, tumbawe jekundu huonekana la kahawia, kama limekaushwa juani. Limulike kwa tochi ukiwa karibu, kiasi cha mkono mmoja. Wekundu hurudi papo hapo, na utaona vinywa vidogo vyenye minyiri vikichezacheza. Hapo ndipo mtu huamini kwamba tumbawe ni mnyama. Ndani ya mwili wake huishi mwani mdogo unaomlisha kwa nguvu za jua. Maji yakipata joto kupita kiasi, mwani hutoka na tumbawe hubaki jeupe. Ilitokea mwaka 1998, na matumbawe mengi ya Mafia yakafa.

Je, wajua kwamba mchanga mweupe umepita tumboni mwa samaki?

Nyamaza utasikia kwarukwaru. Ni pono, anayeguguna mwamba kwa mdomo wake mgumu ili apate mwani. Mawe anayoyameza huyasaga kooni na kuyatoa yakiwa mchanga. Sauti hiyo utaisikia, lakini ni vigumu kujua inatoka upande gani, kwa sababu sauti husafiri majini kwa kasi zaidi ya mara 4 ya kasi yake hewani, na masikio yote mawili huipata karibu kwa pamoja.

Je, wajua kwamba samaki mkubwa kuliko wote hula uduvi?

Ni papa potwe, ambaye Wakenya humwita papa shilingi kwa madoa yake. Huweza kupita mita 12, lakini hana haja na mtu. Kati ya Oktoba na Machi huja karibu na Kilindoni, upande wa magharibi, akifungua kinywa kuchuja uduvi. Mtungi hauhitajiki, miwani na mrija vinatosha, na mikono ikae mbali naye. Madoa ya kila mmoja ni ya peke yake, na watafiti huyatumia kumtambua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, uliotumia vifaa vya sauti vilivyofungwa kwa papa wenyewe, ulionyesha kwamba wengi wao hawaondoki Mafia mwaka mzima. Msimu ukiisha, husogea mbali kidogo na kushuka chini, tukadhani wamehama.

Je, wajua kwamba hifadhi ya bahari ya Mafia ina watu ndani?

Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia ilianzishwa mwaka 1995, ya kwanza ya aina yake Tanzania, ikiwa na kilomita za mraba 822 na zaidi ya aina 400 za samaki. Haikuwahamisha wenyeji. Vijiji vimo ndani yake. Yapo maeneo yasiyovuliwa kabisa na yapo ambayo wakazi huvua kwa masharti. Baruti iliyokuwa ikivunja miamba ni marufuku.

Je, wajua kwamba mwamba mmoja una zamu mbili?

Maji yakipwa wakati wa bamvua, wanawake hushuka na vijiti vyao kutafuta pweza, wakichungulia tundu moja baada ya jingine. Pweza hukua upesi mno, na baadhi ya vijiji vya pwani yetu hufunga mwamba kwa miezi michache ili anenepe. Jike hulinda mayai bila kula, kisha hufa. Kama saa 6 baadaye, maji yamejaa, na mzamiaji anaelea juu ya matundu yale yale waliyoyachungulia wanawake asubuhi. Akimkuta pweza nyumbani, amshukuru yule aliyemwacha.