Mbele ya operesheni: juu ya nini wanakataza kula na kunywa?

Mutu wa familia akiingia hopitali, mara nyingi sisi tuliosoma ndio wanatuuliza: "Anapasuliwa asubuhi na njaa inamuuma. Tumupe hata kachai kidogo?" Jibu la haraka linaweza kuleta kilio. Basi tuelewe vizuri.

Mwilini kunapita nini?

Ukiwa macho, tone la maji likipotea njia kooni, unakohoa palepale. Kikohozi hicho ni mulinzi wa mapafu. Dawa ya usingizi inalaza mugonjwa, na inalaza pia huyo mulinzi. Mufungo ulio juu ya tumbo nao unalegea. Kama tumbo limejaa, chakula kinaweza kupanda na kushuka katika njia ya pumzi bila mugonjwa kukohoa hata mara moja. Vipande vinaziba pumzi, na asidi ya tumbo inaunguza mapafu.

Mwaka 1946, munganga Curtis Mendelson wa New York alitangaza uchunguzi juu ya mimba 44.016. Wamama 66 waliingiwa na vitu vya tumboni katika mapafu wakati wa usingizi wa dawa. Wawili walikufa, pumzi imezibwa na chakula kigumu. Tangu hapo, kufunga kukashikwa kwa nguvu.

Masaa ngapi?

Kanuni inayofuatwa sana ni hii:

– Chakula kizito chenye nyama ao mafuta mengi: masaa 8.
– Chakula chepesi, buyi, maziwa ya ngombe ao ya kopo: masaa 6.
– Maziwa ya mama kwa mutoto mudogo: masaa 4.
– Maji safi, ao chai isiyo na maziwa: masaa 2.

Angalia vizuri: buyi inahesabiwa kama chakula, hata kama unaikunywa kwa kikombe. Chai ya maziwa haiko sawa na chai kavu.

Angalia tena: maji ni masaa 2, si usiku kucha! Wengi wanafunga hata maji tangu jioni, wakizani ndiyo usalama zaidi. Mugonjwa anafika amekauka, kichwa kinamuuma, mishipa inakuwa nguvu kuipata. Watoto na wazee ndio wanaumia zaidi. Kwa hiyo uliza mapema: "Chakula mwisho saa ngapi? Na maji mwisho saa ngapi?" Saa atakayotoa munganga wa usingizi ndiyo ya kufuata, kwani yeye anajua hali ya mugonjwa na programu ya siku hiyo. Mwenye kisukari, ao anayekunywa dawa kila siku, aulize pia dawa gani anywe na gani aache.

Hata kama ni sindano ya mugongo tu, funga. Ikikosa kushika, wanaweza kukulaza kabisa.

Sema kweli

Kwetu, familia ndiyo inaleta chakula hopitalini, na huruma ni kubwa. Mama mukubwa anaingiza biskwi chini ya kitenge, mugonjwa anakula, kisha wote wananyamaza kwa kuogopa kugombezwa. Hapo ndipo hatari iko. Ukisema "amekula saa kumi na moja," wanaweza kusogeza saa ya operesheni. Ukinyamaza, munganga anafanya kazi akizani tumbo liko wazi.

Na kama ni haraka, kwa mufano mutu amegongwa na pikipiki, hawatangoja masaa 8. Maumivu yenyewe yanachelewesha tumbo kujimwanga, kwa hiyo wanamuhesabu kuwa ameshiba, na wanaharakisha kuweka mupira katika njia ya pumzi ili kuifunga. Hata pale, waambie alikula nini na saa ngapi.

Anayelala kando ya mugonjwa usiku ndiye wa kwanza kuelezwa haya. Muelezeni leo, mbele njaa haijaanza kulia.