Nzuri, Lakini

Kwenye kipindi kilichopita mmoja wenu aliuliza: wewe daktari wa magonjwa ya akili, mwenyewe unapumzika saa ngapi? Nilijibu kwa mzaha, tukacheka, tukapita. Jibu lenyewe hili hapa.

Niko mwaka wa pili wa mafunzo hapa England. Safari ni ndefu: miaka 3 ya msingi, kisha mingine 3 ya ubingwa, na mitihani katikati. Kwenye karatasi mapumziko yangu yamepangwa vizuri tu. Mkataba wetu unasema kazi isizidi wastani wa saa 48 kwa wiki, na ukimaliza zamu za usiku upewe saa 46 za kupumzika. Shida ni kwamba mwili unatoka wodini asubuhi, kichwa kinabaki.

Usiku mmoja mgonjwa aliyelazwa kwa hiari yake alitaka kuondoka. Alikuwa ameshavaa koti. Kwa hali aliyokuwa nayo, asingefika salama. Sheria ya Afya ya Akili ya 1983 inamruhusu daktari wa zamu kumzuia mgonjwa kama huyo hadi saa 72 ili achunguzwe vizuri. Daktari wa zamu nilikuwa mimi. Niliongea naye karibu saa nzima, akakataa, nikatia saini. Akaniangalia, akasema, "Nilikuamini."

Asubuhi, niko kwenye basi, Mama akapiga.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba mwanangu. Habari za kazi?"

"Nzuri."

"Umekula?"

"Nitakula. Acha nilale kwanza."

Mnazijua salamu zetu. Hata mambo yakiharibika vipi, unaanza na "nzuri", ndiyo inafuata "lakini": nzuri, lakini mtoto anaumwa; nzuri, lakini tumefiwa. Habari yenyewe iko baada ya lakini. Mimi kazini nalipwa kuisubiri hiyo lakini. Mgonjwa akisema yuko sawa, nanyamaza, nampa nafasi. Kwa Mama nilikuwa nakata simu kabla haijafika, si yangu wala yake.

Kumbe naye alikuwa nayo. Wiki 3 nzima presha ilikuwa juu, anapata kizunguzungu, na jirani ndiye aliyempeleka kwa daktari. Nilisikia kwa mama mdogo. Nilipomuuliza mbona hakuniambia, alijibu, "Ningekwambia saa ngapi? Kila nikipiga, nzuri, kwaheri."

Katika mafunzo yetu, kila wiki unakaa saa 1 na daktari bingwa anayekusimamia. Wiki ile nilitaka tuongee mambo ya mtihani, nikajikuta naongelea lile koti. Hakuniambia kama nilikosea au nilipatia. Aliuliza nyumbani nimemwambia nani. Nikasema sijamwambia mtu, ni siri ya mgonjwa. Akasema habari za mgonjwa ni zake, zibaki hapo hapo wodini. Mkono uliotetemeka wakati wa kutia saini ni wangu, na huo naweza kumwambia ninayemtaka.

Siku hizi ratiba ya zamu zangu imebandikwa kwenye friji ya Mama, nimeiandika kwa saa za Kiswahili ili asihangaike kubadilisha. Jumatano jioni ni yetu sisi wawili, vitabu vya mtihani sivigusi. Sidai kwamba mambo yamenyooka. Usiku mbaya bado upo, na kuna Jumatano nyingine nasinzia simu ikiwa sikioni.

Juzi aliniuliza habari za kazi. Nikasema, "Nzuri, lakini..." Nikasikia anavuta kiti, anakaa. Nilimweleza nilivyochoka na nilichoogopa, bila kumtaja mtu. Hakunipa dawa. Alisema tu, "Pole mwanangu."

Nilipomaliza nikamuuliza, "Na presha je?"

"Nzuri," akasema.

Nikanyamaza, nikasubiri.