Kelele za Mabomba ya Moshi Barabarani: Fiqhi Inasemaje?

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu Waislamu, huenda baadhi ya wasomaji wakayaona mas-ala tunayoyazungumza leo kuwa madogo. Lakini tumeletewa swali na imamu mmoja wa Kahama, mkoani Shinyanga, na tulipolitazama tukakuta limegusa milango mingi ya fiqhi: mlango wa umiliki, wa ujirani, wa njia, na hata wa dia.

Msikiti wa imamu huyo uko kando ya barabara. Kila usiku, baada ya swala ya Isha, hupita vijana wenye pikipiki zilizotolewa sailensa, na mara nyingine magari madogo, Altezza na Subaru, yaliyobadilishwa bomba la moshi ili yangurume na kulipuka kama bunduki. Baadhi ya vijana hao ni waumini wa msikiti huohuo. Siku moja mzee mmoja alimsimamisha mwendesha bodaboda akamwambia, "Mjukuu wangu, tuoneeni huruma, nyumbani nina mgonjwa." Kijana akajibu kwa adabu: "Shikamoo babu. Lakini chombo ni changu, nimekinunua kwa jasho langu la duarani, na wala sijamgusa mtu."

Imamu anauliza: je, kijana huyu ana hoja katika sheria ya Kiislamu? Na je, yeye imamu ana haki ya kulisemea jambo hili juu ya mimbari?

HALI ILIVYO

Ukanda huu tunaujua. Tangu migodi mikubwa ya Geita na Bulyanhulu ilipoanza uzalishaji mwaka 2000 na 2001, na wachimbaji wadogo wakaongezeka Nyarugusu, Rwamgasa, Mgusu na kwingineko, miji kama Kahama na Katoro imekua upesi. Fedha ya dhahabu huingia ghafla, na kijana aliyepata huanza kwa kununua chombo. Hatumlaumu kwa hilo, kwani chumo la halali ni neema. Swali ni namna neema hiyo inavyotumiwa mbele za watu.

Ni vyema tujue kwanza sailensa inafanya kazi gani. Ndani ya injini mafuta huwaka kwa milipuko midogo, maelfu kwa dakika. Moshi hutoka kwa kasi na shinikizo kubwa. Sailensa ina vyumba na mirija yenye matundu, na sauti hugongana humo na kupungua kabla ya kutoka nje. Anayeikata au kuitoboa huuachia mlipuko utoke kama ulivyo. Wapo wanaodai kwamba pikipiki hupata nguvu zaidi, lakini kwa injini ndogo ya bodaboda nguvu inayopatikana ni kidogo mno, wakati kelele huongezeka sana.

Wataalamu hupima sauti kwa kipimo kiitwacho desibeli. Kila desibeli 10 zinapoongezeka, sikio la mwanadamu huiona sauti kama imeongezeka maradufu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2018 kwa nchi za Ulaya, lilishauri kelele za barabarani zisizidi wastani wa desibeli 53 kwa siku nzima, na 45 wakati wa usiku, kwa sababu zikizidi hapo huharibu usingizi na huhusishwa na maradhi ya moyo. Na anayekaa kwenye sauti ya desibeli 85 kwa saa nane kila siku huhatarisha masikio yake. Kwa hiyo wa kwanza kudhurika ni mwenye pikipiki mwenyewe, anayeshinda juu ya bomba hilo tangu asubuhi hadi usiku.

SHERIA YA NCHI

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inataka chombo cha moto kiwe katika hali nzuri ndipo kiingie barabarani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeihesabu kelele kuwa ni uchafuzi wa mazingira, na mwaka 2015 zikatungwa kanuni za viwango vya kelele na mitetemo.

Wala hili si la Tanzania peke yake. Katika Falme za Kiarabu, ambako magari ya kifahari ni mengi kuliko kwetu, kanuni za mwaka 2017 ziliweka faini ya dirhamu 2,000 na pointi 12 za makosa kwa mwenye gari la kelele. Tunalitaja hili kwa wale wanaodhani kwamba kukemea kelele ni kuwaonea maskini wa bodaboda.

HOJA YA KWANZA: "CHOMBO NI CHANGU"

Hoja hii tusiidharau, kwani ina asili katika vitabu vyetu. Imam Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria, sawa na 1277) ameeleza katika Minhaj, mlango wa kuhuisha ardhi, kwamba kila mwenye milki ana haki ya kuitumia kwa mujibu wa ada. Kisha akaeleza kauli iliyo sahihi zaidi katika madhehebu ya Shafi: mtu anaweza kuifanya nyumba yake iliyozungukwa na makazi kuwa hamamu, zizi au kinu, na duka lake lililo katikati ya wauza nguo kuwa la mhunzi. Mwenye kusoma hapo akafunga kitabu atasema kijana wa Kahama ameshinda.

Lakini Imam hakuishia hapo. Aliweka sharti: mwenye nyumba achukue tahadhari na aimarishe kuta zake. Yaani uhuru wa milki umefungwa pamoja na ukuta. Sasa tutazame, ukuta wa pikipiki ni upi? Ni sailensa. Mtengenezaji aliiweka ili mlipuko wa ndani usiwafikie watu wa nje. Anayeing'oa amefanya mfano wa mhunzi aliyebomoa ukuta wake kwa makusudi ili majirani wasikie nyundo. Basi andiko lilelile linalotaka kutumiwa kumtetea ndilo linalomhukumu.

Zaidi ya hayo, Nawawi hapo anamzungumzia mtu aliye ndani ya milki yake. Barabara si milki ya mtu. Ni haki ya wapitao wote, na mafaqihi wamesema kwamba kuitumia njia kumewekewa sharti la kusalimika wengine. Katika hadithi ya Abu Said al-Khudri (r.a.) iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) aliwataka wanaokaa njiani waitekeleze haki ya njia, na akahesabu miongoni mwake kujizuia na kuwaudhi watu. Akiwa aliyekaa kando ya njia anatakiwa hivyo, anayeipasua njia kwa ngurumo saa sita za usiku anatakiwa zaidi.

JE, SAUTI PEKE YAKE NI MADHARA?

Hapa wanachuoni walikhitilafiana, na ni haki tulieleze hilo. Wapo miongoni mwa Wamaliki walioona kwamba moshi na harufu mbaya huzuiwa, lakini sauti tupu haizuiwi. Wengine wakasema ikiwa kali na ya kudumu huzuiwa kama madhara mengine. Asili ya mjadala ni hadithi mashuhuri ya kukataza kudhuru na kulipiza madhara, aliyoipokea Imam Malik katika Muwatta na Ibn Majah katika Sunan yake, ambayo kwayo ikajengwa kanuni ya fiqhi kwamba madhara huondolewa.

Katika kitabu cha Ibn al-Rami, fundi mwashi wa Tunis wa karne ya 14, aliyekuwa akitumwa na makadhi kukagua majengo yenye mgogoro, tunakuta jambo la kushangaza. Jirani akilalamika kwamba kinu kinatikisa ukuta wake, palikuwa na kipimo: hutwaliwa karatasi, ikafungwa nyuzi kwenye pembe zake nne na kutundikwa darini, kisha juu yake zikawekwa punje kavu za giligilani. Kinu kikazungushwa. Punje zikitikisika, mwenye kinu huambiwa aondoe madhara yake. Zisipotikisika, jirani huambiwa aache malalamiko.

Tazameni uadilifu huo. Kadhi hakuhukumu kwa hasira ya mlalamikaji, wala kwa ukaidi wa mwenye kinu. Alihukumu kwa kipimo. Kipimo cha desibeli cha leo ni ndugu wa karatasi ile ya Tunis. Na wenye makarasha ya kusaga mawe ya dhahabu katikati ya makazi nao wazisikilize punje hizo.

KUMTISHA MTU NA DHAMANA YAKE

Milio ya kulipuka ina jambo jingine, nalo ni hofu. Abu Dawud amepokea kisa cha masahaba waliokuwa safarini, mmoja wao akalala, mwenzake akaichukua kamba yake kwa mzaha, naye akashtuka. Mtume (s.a.w.) akaeleza kwamba si halali kwa Mwislamu kumtisha Mwislamu mwenzake. Hiyo ni kamba tu, na kwa mzaha!

Mafaqihi wakaenda mbali zaidi. Katika mlango wa dia, Minhaj inaeleza habari ya mtu aliyempigia ukelele mtoto asiye na akili ya kupambanua, aliye ukingoni mwa dari, mtoto akaanguka na kufa: dia inawajibika. Hata kama ukelele alimpigia mnyama wa mawindo, mtoto akashtuka akaanguka, bado kuna dia, ingawa imepunguzwa uzito. Ama mtu mzima, kauli iliyo sahihi zaidi ni kwamba hakuna dia, kwa sababu kwa kawaida ukelele haumwangushi. Na imepokewa kwamba Umar (r.a.) alipomwita mwanamke akaogopa hata mimba ikaharibika, Ali (r.a.) alimwambia kwamba dia ni juu yake, naye Umar akaikubali.

Basi kijana anaposema "sijamgusa mtu", tunamjibu kwamba sheria haikushurutisha kugusa. Ng'ombe akishtuka akamkanyaga mchungaji, mtoto akaruka barabarani kwa hofu, mjamzito akapatwa na mshtuko, mlango wa dhamana uko wazi, na kadhi atatazama sababu.

HOJA YA PILI NA YA TATU

Wengine husema: "Kelele hutulinda, malori yaendayo Rwanda na Burundi hutusikia." Jibu ni kwamba bomba limeelekea nyuma na sauti nyingi huenda nyuma, wakati hatari kubwa iko mbele. Kwa tahadhari kuna honi, taa, kofia ngumu na mwendo wa wastani. Na kama lengo lingekuwa usalama, kelele isingezidishwa usiku mbele ya vibanda vya chipsi wakati hakuna lori.

Wengine husema: "Mbona misikiti nayo ina vipaza sauti?" Hoja hii, ndugu maimamu, tuipokee kwa insafu. Adhana ni alama ya dini, ni fupi, na ina wakati wake. Lakini Abu Dawud amepokea kwamba Mtume (s.a.w.), akiwa katika itikafu, aliwasikia watu wakisoma kwa sauti kubwa, akafunua pazia na kuwakumbusha kwamba kila mmoja anazungumza na Mola wake, basi wasiudhiane. Ikiwa kisomo cha Qur'ani kimewekewa mpaka kwa ajili ya jirani, mawaidha yetu ya spika hadi usiku wa manane nayo yana mpaka. Tukitaka kijana arudishe sailensa, nasi tupunguze spika baada ya adhana. Hapo neno letu litasikika.

MISAFARA YA HARUSI NA MAZISHI

Imezuka ada ya waendesha bodaboda kuisindikiza maiti ya mwenzao kwa honi na ngurumo hadi makaburini. Nia yao ni mapenzi, na sisi tunaithamini nia hiyo. Lakini imepokewa kutoka kwa Qays bin Ubad kwamba masahaba walichukia kupaza sauti kwenye jeneza, na wanachuoni wakasema hata dhikri hapo iwe kwa siri. Mwenzenu anahitaji dua na kulipiwa madeni yake, na mjane wake anahitaji mchango wenu. Harusi ina ruhusa ya kutangazwa kwa furaha, ila furaha isimnyime mgonjwa usingizi.

HUKUMU KWA MUHTASARI

Kwanza, kubadilisha chombo kwa asili yake ni mubaha. Anayeendesha mahali pa mashindano mbali na makazi hana lawama ya kuudhi jirani, maadamu hafanyi israfu.

Pili, kuondoa sailensa na kupita katika makazi kwa namna inayowaudhi watu haifai. Na ikiwa makusudi ni kujionyesha, dhambi inaongezeka. Suratul Israa, aya ya 37, inatukataza kutembea ardhini kwa majivuno, na Luqman (a.s.) alipomuusia mwanawe apunguze sauti, alimpigia mfano wa punda (Luqman: 19).

Tatu, fundi anayejua kwamba kazi yake itatumiwa kuwaudhi watu anasaidia katika dhambi, na ujira wake una utata.

Nne, kutii sheria ya barabarani ni wajibu kwa kuwa ina maslahi ya wazi. Askari anayepokea rushwa akaiachia kelele ipite ameshirikiana na mwenye kudhuru.

Tano, imamu ana haki ya kulisemea jambo hili, lakini asimtaje mtu kwa jina juu ya mimbari. Aanze na nasaha ya faragha, kisha wazee wa mtaa na uongozi wa kijiwe cha bodaboda, na mwisho mamlaka.

Tulimwandikia imamu wa Kahama majibu haya, na tukamshauri amwite kijana yule nyumbani, wanywe chai, amsomee ile ibara ya Minhaj yote pamoja na sharti lake. Kwani kijana aliyeanza kwa "shikamoo babu" ana kheri nyingi ndani yake, na huenda akawa yeye ndiye atakayewarudisha wenzake.

Tunamuomba Allah (s.w.) atujaalie kuwa watu ambao jirani husalimika na ulimi wetu, mikono yetu, na vyombo vyetu. Wabillahi taufiq, Wallahu a'lam.