KUMTEREMSHA MZEE KIGOMA AKAONE MJI

Katika vijiji vya Titye na sehemu nyingine za Kasulu na Kibondo wapo wazee ambao hawajaliona Ziwa Tanganyika hata mara moja. Wapo pia walioliona zamani wakiwa na mzigo kichwani, bila nafasi ya kusimama wakatazama. Mtoto au mjukuu akipata nauli husema: "Safari hii nitamteremsha babu mpaka Kigoma, naye akaone mji." Wazo hilo ni jema, hata kwa afya. Mzee anayekaa kibarazani mwaka mzima, bila jipya la kutazama wala la kusimulia, hudhoofika mwili na moyo. Lakini safari hiyo hiyo ikipangwa kama ya vijana, mzee hurudi nyumbani mgonjwa, na hakubali kutoka tena.

Umbali si shida kubwa, hasa sasa ambapo lami kati ya Kasulu na Kigoma imepunguza mtikisiko. Shida ni kwamba mzee hasemi amechoka. Anajua mjukuu ametumia fedha zake, na anaona aibu kumharibia furaha. Ukimwuliza, "Umechoka, bibi?" atajibu, "Hapana mjukuu wangu, twende tu." Atajibu hivyo huku magoti yanatetemeka. Kwa sababu hiyo pumziko lisingoje kuombwa, bali lipangwe tangu nyumbani kama inavyopangwa nauli. Sisi twashauri asubuhi mahali pamoja, jioni mahali pamoja, na katikati yake kivuli, chakula na usingizi. Kuanzia saa 5 asubuhi hadi saa 9 alasiri mzee asiwe juani. Na ikitokea lazima kusimama njiani, mjukuu na aseme, "Babu, miguu inaniuma, tukae hapa kidogo." Mzee atakaa mara moja, kwa kumhurumia mjukuu.

Jambo la pili ni joto. Mji wa Kasulu uko kwenye mwinuko wa mita 1,300 hivi, na maji ya ziwa yako kwenye mita 773 hivi. Kumbe anayetoka Kasulu hadi Kigoma anateremka karibu nusu kilomita, na sweta aliyoivaa alfajiri huwa adui yake ifikapo mchana. Mwili wa mzee hauwezi kujipoza upesi kama wa kijana, na hata hisia ya kiu hupungua kadiri umri unavyoongezeka. Mzee aweza kukaukiwa maji mwilini bila kuona kiu yoyote. Basi apewe maji kidogo kidogo kila mara, bila kungoja aombe, isipokuwa yule mwenye ugonjwa wa moyo au figo ambaye daktari amempimia kiasi cha kunywa. Miezi mizuri ya safari ni Juni hadi Agosti. Septemba na Oktoba joto la Kigoma huwa kali, na kuanzia Novemba mvua huleta tope na utelezi.

Hapa tungependa kukaa kidogo juu ya jambo ambalo familia nyingi hazilioni, nalo ni mkojo. Wazee wengi wenye shinikizo la damu hutumia dawa ya kukojoza. Wanaume wengi wazee tezi yao imevimba, wanakwenda haja mara kwa mara. Mzee wa namna hiyo akisikia habari ya basi hufanya mambo mawili kwa siri: haimezi dawa, na hanywi maji tangu jana yake. Kwa hiyo anafika Kigoma shinikizo limepanda na mwili umekauka, katika mji wenye joto. Dawa isiachwe kwa shauri la mzee mwenyewe wala la mjukuu. Wiki moja kabla ya safari aende zahanati au hospitali anakohudhuria kliniki, kama vile Kabanga, aulize saa ipi aimeze siku ya kusafiri. Mara nyingi saa yaweza kusogezwa. Naye mjukuu aongee na kondakta mapema na kwa sauti ya chini, kwamba kuna mzee atakayehitaji kushuka. Mzee akae viti vya mbele, si vile vya nyuma vinavyorusha. Bibi abebe kanga ya ziada. Garini wazungushe vifundo vya miguu mara kwa mara ili damu isilale, na wakati wa kushuka mzee asisimame ghafla. Akae kwanza ukingoni mwa kiti, avute pumzi, ndipo ainuke.

Dawa zote, pamoja na kadi ya kliniki na ya matibabu, zikae katika mkoba wa mkononi, zisipakiwe chini na mizigo. Mwenye kisukari asikose kula kwa ajili ya safari, na mfuko wake usikose sukari au peremende. Akianza kutokwa jasho jembamba, kutetemeka na kusema maneno yasiyoeleweka, apewe kitu kitamu papo hapo ikiwa bado anaweza kumeza.

Sasa mjini aone nini? Msimchagulie kwa macho yenu. Stesheni ya reli, mathalani, kwa kijana ni jengo la zamani tu. Wajerumani waliifikisha reli Kigoma mwaka 1914, kilomita zaidi ya 1,200 kutoka Dar es Salaam, na treni za reli hiyo zilichukua wanaume wengi wa Buha kwenda kukata mkonge wakiitwa manamba. Mzee ambaye baba yake au kaka yake aliondoka hivyo, na pengine hakurudi, anayo mengi ya kukumbuka mahali hapo. Mwekeni kwenye benchi, kaeni naye saa nzima. Hiyo ni asubuhi kamili, wala haina gharama.

Jioni, jua likipoa, aitazame bandari kwa mbali akiwa ameketi. Ulizeni kwanza kama meli ya Liemba ipo. Ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikaletwa vipande vipande, ikashushwa majini Kigoma mwaka 1915. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha. Mwaka 1924 ikaibuliwa, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena. Wazee hupenda habari za chombo kilichowazidi umri, ambacho watu hawakuchoka kukitengeneza.

Ujiji iachiwe siku ya pili. Ni chini ya kilomita 10 kutoka mjini, na mzee apelekwe kwa teksi au bajaji. Bodaboda hapana, hata kama dereva ni mtu wa ukoo. Hapo ndipo Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, tarehe 10 Novemba kwa hesabu yake Stanley, na ipo miembe iliyotokana na ule wa zamani. Kivuli chake ni kizuri kuliko maelezo yote. Mkiingia ndani ya jumba la kumbukumbu kutoka kwenye jua, simameni mlangoni kwa muda. Macho ya mzee, hasa yenye mtoto wa jicho, huchelewa kuzoea giza, na hapo ndipo anapojikwaa.

Ufukweni, kama vile Kibirizi ambako maboti hutia nanga, aende na mkongojo na viatu vyake vya kila siku. Viatu vipya vya kumfurahisha humchubua, na mwenye kisukari haoni maumivu ya mchubuko huo. Asioshe miguu ziwani penye maji yaliyotulia na majani, kwa ajili ya kichocho. Maji ya kunywa yawe yaliyochemshwa. Mwaka 2015 kipindupindu kilizuka Kagunga, mwambao huo huo kaskazini, kati ya wakimbizi wa Burundi. Mgebuka na dagaa na wale, tena wakiwa wa moto, ila mwenye meno machache achambuliwe miiba.

Na Gombe je? Hapana. Safari ya boti ni ndefu, na milima yake ni mikali. Jane Goodall alipofika Gombe tarehe 14 Julai 1960 kuchunguza sokwe, alikuja na mama yake, Vanne, maana serikali ya kikoloni haikukubali akae huko peke yake. Mama huyo alikuwa na miaka 54. Wakati binti akipanda milima, yeye alikaa kambini akiwagawia wavuvi dawa ndogo ndogo, nao wavuvi wakampenda. Safari ilimfaa kila mmoja kwa namna yake. Hata hivyo wote wawili waliugua malaria, na hilo latufikisha kwenye usiku.

Aghalabu wageni wetu hulala kwa ndugu, pengine Mwanga au Ujiji. Mwenyeji aambiwe mapema: mzee alale kitanda cha chini, chenye chandarua, chumba kilicho karibu na choo. Aonyeshwe njia ya chooni kungali mchana, na tochi iwekwe chini ya mto. Choo kikiwa nje, kopo chumbani si aibu. Wazee wengi huvunjika nyonga usiku, katika nyumba wasiyoizoea, wakipapasa ukuta.

Zipo dalili ambazo hazingojei asubuhi: mdomo kupinda upande mmoja, mkono kulegea, maneno kuvurugika, kifua kubana, au mwili kuwa wa moto sana na mzee kuchanganyikiwa baada ya jua. Apelekwe Hospitali ya Maweni mara moja. Asipewe chai kwanza, asiachwe "alale kidogo aone." Mwenye kiharusi akipewa kitu cha kunywa huweza kupaliwa.

Siku ya kurudi isiwe siku ya kutembea tena sokoni. Na nauli ya kurudi ifungwe pembeni tangu siku ya kwanza, isiguswe kwa zawadi wala kwa dagaa wa kupeleka nyumbani, ili siku ambayo mzee ataonekana kimya kuliko kawaida, mweze kupanda gari kesho yake bila kumwuliza kama amechoka.