Hatia, Dhamana na Msamaha: Kuufikisha kwa Wote Mjadala wa Kifalsafa kuhusu Uwajibikaji, kwa Mfano wa West Nile

Je, jamii nzima inaweza kubeba hatia ya mtu mmoja? Mkazi wa Ediofe, penye kanisa kuu la Jimbo Katoliki la Arua, hahitaji shahada ya falsafa ili aone uzito wa swali hilo. Baada ya kuanguka kwa utawala wa Idi Amin, ambaye asili yake ni Koboko, mwezi Aprili 1979, watu wengi wa West Nile walihesabiwa kuwa washirika wake kwa sababu ya kabila au mahali walikozaliwa. Maelfu walikimbilia Sudan na Zaire. Tarehe 24 Juni 1981, wanajeshi wa serikali waliwaua raia waliojihifadhi katika misheni ya Ombaci, karibu na mji wa Arua. Mantiki iliyotumika ni ile ya methali: samaki mmoja akioza, wote wameoza.

Mwaka 1946, Karl Jaspers aliwatolea Wajerumani mgawanyo wa aina nne za hatia. Hatia ya jinai ni ya mtenda na huamuliwa na mahakama. Ya kisiasa huwapa raia dhamana ya matokeo ya matendo ya dola yao. Ya kimaadili hupimwa na dhamiri. Ya kimetafizikia hutokana na utu unaowaunganisha wanadamu wote, hata anayenusurika wenzake wakiuawa. Kwa mgawanyo huu, aliyezaliwa Koboko harithi kosa la jinai la mtu yeyote.

Mgawanyo huo una manufaa ya kisera. Sheria ya Msamaha ya Uganda ya mwaka 2000 iliwaondolea mashtaka waasi walioacha vita, na mwezi Desemba 2002 kundi la UNRF II lilitia saini mkataba wa amani na serikali. Hata hivyo, katika Kiswahili neno msamaha hubeba dhana mbili: dola kuacha kushtaki, na aliyekosewa kusamehe. Zisipotenganishwa, mjane anaweza kuelewa kwamba serikali imesamehe kwa niaba yake. Dola inaweza kufuta mashtaka. Haiwezi kusamehe kwa niaba ya aliyefiwa.

Kwa hiyo, kuufikisha mjadala huu kwa wote si kuurahisisha hadi upoteze maana. H. Odera Oruka, kwa utafiti wake kuhusu falsafa ya wahenga nchini Kenya, alionyesha kuwa hoja makini hupatikana pia kwa wasiosoma shuleni. Kinachotakiwa ni kuanza na tukio linalojulikana, kulitafutia kila dhana neno lake katika Kiswahili, Kilugbara na Kikakwa, kisha kuwaacha wahusika wabishane. Sera ya Haki ya Mpito, iliyopitishwa na Baraza la Mawaziri la Uganda mwaka 2019, itaeleweka vijijini iwapo watekelezaji wake watatamka wazi ni nani anashtakiwa, ni nani anawajibika kufidia, na ni nani peke yake mwenye haki ya kusamehe.