CHUNGU CHA NACHITUTI

Askari anayeshika zamu ya usiku kwenye ufuko wa Nchelenge huyatazama maji yale yale waliyoyatazama walinzi wa Mwata Kazembe zaidi ya miaka 200 iliyopita. Mbele yake ni Ziwa Mweru, lenye urefu wa kilomita zipatazo 130. Mto Luapula huingia upande wa kusini; maji hutoka kaskazini, penye mji wa Pweto, yakichukua jina la Luvua na kuelekea mto Kongo. Mpaka wa Zambia na Kongo umepita ndani ya ziwa hilo tangu Waingereza na Mfalme Leopold wa Ubelgiji walipopatana mwaka 1894. Mapatano hayo yaliandikwa kwa wino. Lakini mwambao huu unayo mapatano mengine, yaliyo ya kale zaidi, ambayo hayakuandikwa katika karatasi yo yote. Hayo yalitiwa ndani ya chungu.

Wazee wa bonde la Luapula husimulia kwamba zamani nchi hii na maji yake vilikuwa mali ya Washila, watu wa uvuvi, chini ya mtawala wao Nkuba. Ikatokea kwamba Nkuba akamwua mwana wa dada yake, mama aliyeitwa Nachituti. Mama huyo, kwa uchungu wake, hakuwa na jeshi la kumpiga kaka yake. Akaenda kushtaki kwa Mwata Kazembe, mkuu wa Walunda, ambao walikuwa wamekwisha ingia katika bonde hilo na majeshi yao kutoka magharibi. Mwata akapeleka watu wake, na Nkuba akauawa. Ndipo Nachituti alipokuja mbele ya Mwata na vitu viwili: kikapu cha udongo na chungu cha maji. Kikapu kilikuwa nchi. Chungu kilikuwa ziwa, mito, na samaki wote waliomo.

Masimulizi haya hayako kwa namna moja. Kila ukoo huyasimulia kwa jinsi yake, kwa kuwa ndani yake mna haki ya kulima na kuvua, na watu hawachezi na mambo hayo. Mwanahistoria David Gordon, alipotoa kitabu chake cha mwaka 2006 juu ya uvuvi na utawala katika nchi hizi, alikiita kwa jina la zawadi hiyo ya Nachituti. Sisi hapa twataka kukitazama chombo chenyewe. Walunda walipewa maji, nao wakatawala. Je, walikipata na chungu?

Walunda hao walitoka katika dola ya Mwata Yamvo, wakafika Luapula yapata mwaka 1740. Walikuwa watu wa vita na wa utaratibu. Mreno Lacerda, aliyefika katika makao ya Kazembe mwaka 1798 na kufia huko huko, aliukuta ufalme wenye nguvu. Mwenzake Gamitto alifika mwaka 1831. Livingstone aliliona Ziwa Mweru mwezi Novemba 1867, na alipoingia katika mji wa Kazembe alimkuta Mohamed bin Saleh, mfanyabiashara aliyekuja na misafara ya pwani, ambaye alikuwa amekaa huko miaka mingi. Hata leo, mwishoni mwa mwezi Julai kila mwaka, Mwata hucheza ngoma ya Mutomboko huko Mwansabombwe, akiwa na upanga na shoka mikononi, kukumbuka ushindi wa wahenga wake.

Huo ni upande wa silaha. Upande wa jikoni mambo yalikwenda vingine.

Wataalamu wa mambo ya kale, wanaosoma historia katika vigae vya vyungu vilivyofukiwa ardhini, wamegundua kwamba tangu karne ya 11 hivi aina moja ya ufinyanzi ilienea katika sehemu kubwa ya kaskazini na mashariki ya Zambia. Wameiita kwa jina la mto Luangwa. Vyungu vyake vina shingo na tumbo la mviringo, na mapambo yake ni alama ndogo ndogo zilizogongwa kwa kitu chenye meno kama kitana. Kilichowashangaza ni kwamba ufinyanzi huo haukukatika. Falme zilikuja, majina ya watawala yakabadilika, Walunda wakaingia na wengine wakasukumwa. Lakini akina mama waliendelea kufinyanga vyungu vya aina ile ile mpaka nyakati zetu hizi. Mtu akitafuta katika vigae peke yake siku ambayo jeshi la Kazembe lilivuka Luapula, hataiona.

Sababu yake si fumbo. Askari wa Kilunda waliooa katika nchi waliyoishinda walioa mabinti wa wenyeji. Mke aliingia nyumbani na ujuzi wa mama yake, akawapikia watoto katika chungu alichokijua, akawaimbia kwa lugha aliyoijua. Ian Cunnison, mtaalamu wa mila aliyeishi katika bonde hilo kati ya mwaka 1948 na 1951, aliwakuta Walunda wa Luapula wakisema lugha ya jamii ya Kibemba kama majirani zao, na maneno ya kale ya walikotoka yamebaki hasa katika majigambo ya watawala. Hivi ndivyo mshindi alivyosilimishwa na jiko, kama tukiruhusiwa kusema hivyo.

Tuseme basi jinsi chungu kinavyofanywa, maana wengi wetu tumekinywea maji utotoni bila kukiuliza habari zake.

Mfinyanzi wa nchi hizi ni mwanamke. Udongo wake huuchimba ukingoni mwa mto au katika mabonde yenye maji, chini ya tabaka la juu lenye mizizi. Hautoshi kuwa udongo mweusi tu. Hana budi kuusokota kati ya vidole. Ukikatika upesi, huutupa. Huutwanga, huuchambua mawe na majani, kisha huuchanganya na unga wa vigae vya vyungu vilivyovunjika. Hili ni jambo la akili kubwa. Udongo mtupu hujikunja na kupasuka ukikauka. Unga wa vigae, uliokwisha pita motoni, huuzuia usijikunje mno. Kwa hiyo chungu cha leo kina mifupa ya chungu cha bibi ndani yake.

Gurudumu la mfinyanzi halitumiki. Mama hupandisha ukuta wa chombo kwa mikunjo ya udongo iliyo kama kamba, mkunjo juu ya mkunjo, akizunguka yeye au akikizungusha chombo polepole juu ya kigae. Huulainisha kwa gunzi la mahindi na kwa jiwe laini la mtoni, na jiwe hilo mara nyingi ni urithi. Hugonga mapambo yake shingoni. Baadaye chungu hukaa kivulini siku nyingi, kwa maana jua kali hukipasua. Mwisho ni moto wa wazi, bila tanuri: kuni, magamba ya miti na nyasi hupangwa juu ya vyungu na kuwashwa. Siku ya upepo mkali kazi huahirishwa. Upepo ukiupeleka moto upande mmoja, chombo hutoa mlio, na kazi ya majuma mawili ikawa vigae.

Wenyeji huuita mtungi wa maji *umutondo*, na chungu cha kupikia *inongo*. Kufinyanga ni *kubumba*, neno lililo ndugu wa kuumba katika Kiswahili chetu. Na kama sisi tunavyomtaja Mwenyezi Mungu kwa jina la Muumba, Wabemba humtaja kwa jina la Kabumba, ambalo ni jina lile lile la mfinyanzi.

Si vyombo tu vinavyofinyangwa. Katika unyago wa wasichana uitwao *chisungu*, Wabemba na jirani zao hutumia sanamu za udongo ziitwazo *mbusa*, na mwalimu mkuu wa unyago huitwa *nachimbusa*. Audrey Richards aliutazama unyago huo mwaka 1931, akaandika kitabu kilichotoka mwaka 1956. Kila sanamu ina wimbo wake na fundisho lake, la kilimo, la ndoa, la uzazi. Kwa hiyo msichana alipewa udongo mkononi katika siku zile zile alipopewa siri za utu uzima. Hapa huenda ndipo penye jibu la swali letu: jeshi lingewezaje kuuteka ufundi uliokuwa umefichwa mahali ambapo mwanamume haingii?

Si kila mshindi duniani aliuacha ufundi mahali ulipokuwa. Tazama habari za Arita. Huu ni mji mdogo wa Ujapani, katika mkoa wa Saga, kisiwa cha Kyushu, wenye watu wasiofika 20,000, na jina lake linajulikana na wapenda vyombo vya kauri ulimwenguni kote. Mwaka 1592 mtawala Toyotomi Hideyoshi alipeleka majeshi kuivamia Korea, akarudia mwaka 1597. Vita vilikwisha mwaka 1598 alipofariki, na nchi haikutwaliwa. Lakini mabwana wa Kyushu walirudi na mateka, na miongoni mwao walikuwamo wafinyanzi, kwa kuwa Wakorea walijua kufanya kauri nyeupe na Wajapani hawakujua. Watu wengine huviita vita vile vita vya vyungu.

Mmoja wa mateka, ambaye Wajapani humwita Ri Sampei, anasimuliwa kuwa aligundua mwaka 1616 jiwe jeupe katika kilima cha Izumiyama, pale Arita. Jiwe hilo likisagwa, likafinyangwa na kuchomwa katika tanuri lenye joto la nyuzi 1,300 hivi, hutoa kauri ngumu isiyovuja. (Moto wa wazi wa mwambao wetu kwa kawaida haufiki nyuzi 900, ndiyo sababu mtungi hutoa jasho na maji yake yakawa baridi, jambo ambalo bakuli la kauri haliliwezi.) Katika miaka ya 1650 meli za Waholanzi zilianza kupeleka vyombo hivyo Ulaya. Vilipitia bandari ya Imari, na wanunuzi wa mbali wakaviita kwa jina la bandari, wala si la mji uliovitengeneza.

Msomaji aliye polisi atapenda kusikia habari za ulinzi wake. Mwaka 1637 serikali ya bwana wa Saga iliwafukuza wafinyanzi zaidi ya 800 wa Kijapani, kwa hoja kwamba walikuwa wakimaliza misitu kwa kuni. Tangu mwaka 1675 matanuri yaliyofanya vyombo vya bwana huyo mwenyewe yaliwekwa katika kijiji cha Okawachiyama, bondeni, kati ya miamba mirefu, na mlangoni pakawekwa kituo cha walinzi. Hapo walilinda ujuzi usitoroke kwa miguu ya wenye ujuzi. Katika kijiji hicho kuna kaburi lililojengwa kwa mamia ya mawe ya makaburi yaliyokusanywa pamoja, la wafinyanzi wa Kikorea wasiojulikana majina. Ri Sampei yeye amewekewa mnara tangu mwaka 1917, juu ya kilima kinachoutazama mji.

Ufundi wa Mweru haujapata kulindwa na kituo cha walinzi, wala haujapata mnara. Adui wake hakuja na jeshi. Amekuja sokoni Kashikishi kwa sura ya sufuria ya alumini na dumu la plastiki. Hatuwezi kumlaumu mama anayelichagua dumu: ni jepesi, halivunjiki mtumbwini, nalo hupatikana kwa fedha kidogo. Zamani hata chumvi ya Mweru Wantipa ilichemshwa katika vyungu, na pasipo mfinyanzi wali na samaki havikuwa na ladha. Leo chumvi huja katika pakiti. Mtungi umebakiwa na kazi ya kupoza maji na kutunza pombe ya nafaka. Ni kazi ndogo kwa chombo kilichobeba ziwa zima siku ya Nachituti.

Hata hivyo watu wameendelea kuvuka maji. Tangu mwezi Agosti 2017 maelfu ya wananchi wa Kongo, wengi wao wasemaji wa Kiswahili, walikimbia mapigano katika nchi za kaskazini ya ziwa, wakapokewa kwanza katika kambi ya muda ya Kenani, wilayani Nchelenge. Mwanzoni mwa mwaka 2018 makazi ya Mantapala yalifunguliwa katika wilaya hiyo hiyo, na jamaa zikagawiwa viwanja vya kujenga na kulima. Askari waliokuwa mpakani siku zile walipekua mizigo ya aina nyingi: magodoro, majembe, baiskeli, kuku. Chungu hakikuonekana mara nyingi. Ni kizito, tena huvunjika. Mfinyanzi anayekimbia vita huviacha vyungu vyake vyote nyuma, na ufundi wake hauonekani katika orodha ya mali iliyoandikwa langoni.

Mama wa namna hiyo akitaka kuanza tena, udongo upo, maana mabonde ya huku na ya ng'ambo hunywa maji ya mito ile ile. Vigae vya kusaga hupatikana katika kila kijiji. Litakalomfikisha mbele ya askari ni kuni, kwa kuwa Mantapala ni nchi ya misitu na ukataji wa miti huko una sheria zake. Basi ndugu askari atakayemkuta njiani na mzigo kichwani aufungue kwanza autazame. Vyungu havichomwi kwa magogo. Huchomwa kwa magamba, nyasi, na matawi makavu yaliyokwisha kuanguka yenyewe.